Kasuku wangu anakohoa usiku, nimpe dawa gani?

Mwana Langoni: Assalaam aleikum. Nina kasuku wa kijivu, miezi mitatu. Tangu juzi akohoa kikohozi kizito kama cha mzee. Antibiotiki ya kuku nimpe kiasi gani?

Fundi Vizimba: Usimpe kitu. Kasuku huiga kikohozi barabara. Mtazame akiwa ametulia: mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi, mdomo u wazi, amejitutumua manyoya, huo ni ugonjwa. Akikohoa kisha akapiga mluzi na kula, anaiga. Mpime kila asubuhi kabla hajala, kwa mizani ya jikoni. Mkubwa huwa gramu 400 hadi 500. Akipungua 40, daktari siku hiyo hiyo.

Bi Shela: Chakula je? Alizeti tupu haina kalsiamu wala vitamini A ya kutosha. Mpe mchicha, karoti, papai. Parachichi ni sumu kwake. Na kwa unyevu wetu huu, njugu zilizoota ukungu humharibu mapafu. Dawa ushampa?

Mwana Langoni: Nusu kidonge kwenye maji, tangu jana. Dukani waliniambia ni ya ndege, sikuona kosa.

Fundi Vizimba: Kosa lipo. Maji machungu hayanywi, basi hujui ameingiza kiasi gani. Na kama ni ukungu, antibiotiki haiugusi. Mwaga.

Mdadisi: Hadithi hii imetungwa. Kinda wa miezi mitatu ndiyo kwanza anaacha kulishwa. Wengi huanza kutamka wakikaribia mwaka. Macho yake rangi gani?

Mwana Langoni: Wallahi si uongo. Manjano.

Mdadisi: Basi aliyekuuzia ndiye mwongo. Macho ya kinda ni meusi, kisha kijivu; manjano huja baada ya mwaka na zaidi. Kasuku huiga wale anaowahesabu kundi lake. Kikohozi hicho ametoka nacho kwa mwenyewe wa kwanza.

Bi Shela: Na kibali cha kumfuga, unacho?

Mwana Langoni: Sina. Ndiyo maana naogopa daktari. Lakini nikimtoa, ataangukia kwa asiyemjali.

Bi Shela: Kumficha si kumjali, ndugu yangu. Tangu 2017 yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini, orodha ya walio hatarini zaidi, kwa sababu misitu inamalizwa kasuku. Nenda KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, mwenyewe, ueleze. Wala usimwachilie, pwani si msitu wake, atakufa njaa.

Fundi Vizimba: Mrekodi video, mkia uonekane, umpelekee daktari.

Mwana Langoni: Maji nimemwaga. Mkia umetulia. Alfajiri nampima.