Thamostati ya Hilux: fundi asiitoe akaitupa

Mama Neema: Shikamoo anko. Hilux Vigo yenye injini ya dizeli ya 2KD, geji ya joto inapanda ikibeba mzigo mlimani. Maji hayapungui, feni nzima. Fundi anataka aitoe thamostati, ile vali inayofunguka kwa joto, moja kwa moja, "maji yapite".

Anko Side: Marahaba mwanangu. ASIITOE. Ile ina sahani mbili. Moja inafungua njia ya rejeta, nyingine inaziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, mkato unabaki wazi, maji mengine yanazunguka injini tu bila kupita kwenye rejeta. Mlimani ndo itachemsha zaidi.

Kaka Musa: Kwanza shikeni mipira ya rejeta. Injini ikiwa ya moto, wa juu unaunguza na wa chini baridi: thamostati imekwama, au rejeta imeziba, au pampu haisukumi.

Mama Neema: Iko wapi? Juu hatuioni.

Kaka Musa: Fuateni mpira wa CHINI mpaka unapoingia kwenye injini. Wengi wanaitafuta juu kwa mazoea ya injini ya 22R ya petroli.

Anko Side: Injini ipoe kabisa, mfuniko wa rejeta usiguswe ikiwa ya moto. Kinga koolanti, yale maji ya rejeta, kwenye beseni safi. Legeza klipu, fungua kava ya thamostati kwa spana ya 12.

Kabla ya kununua mpya, ichemshe hiyo ya zamani kwenye sufuria ya maji. Ining'inize kwa waya, isiguse sufuria. Ya nyuzi 82 inaanza kufunguka kwenye joto hilo hivi, maji yakichemka iwe imeachia milimita 8 au zaidi. Hapo Mbeya, kwa kuwa ni juu, maji huchemka kwenye 94 hivi, yanatosha. Ikibaki imefunga, imekufa.

Mama Neema: Ile raba yake irudi?

Anko Side: Hapana, mpya. Na msipake silikoni, vipande vinaenda kuziba rejeta. Springi iangalie ndani ya injini, kile kipini kinachochezacheza kikae juu kabisa, ndipo hewa inapopitia. Kava ni aluminiamu, bana kidogo kidogo kwa zamu, usitumie mpini mrefu.

Kaka Musa: Hewa inayobaki ndani ndiyo inayowaponza watu. Pua ya gari iwe juu kidogo, hita kwenye moto. Jazeni polepole, koolanti nusu na maji yaliyochujwa madini nusu. Mfuniko ukiwa wazi, iungurume mpaka mpira wa chini upate moto, mkiongeza kimo kinaposhuka. Ndipo mfunge. Kesho asubuhi, ikiwa baridi, angalieni kimo tena.

Mama Neema: Nimemsomea fundi. Anatafuta sufuria.