Tupeane uzoefu: waridi lako lilishambuliwa na nini, ukafanyaje?

BintiMbezi
Wakuu salaam. Leo nimetoka kufagia uwanja nikakuta waridi langu la njano limebaki vijiti. Majani yaliyoanguka yana madoa meusi, kingo zake zimesambaa kama wino uliodondokea karatasi laini, na pembeni ya doa pamekuwa njano. Huku Mbezi masika haijatupumzisha wiki nzima. Mwaka juzi nilipoteza matatu hivihivi, na kitaluni waliniambia niongeze mbolea tu. Yaliyowakuta na nyie?

MzeeWaKigamboni
Binti, huo ni ukungu, mbolea haihusiki. Jani likilowa muda wa saa saba hivi mfululizo, ugonjwa umeshaingia. Okota majani yote yaliyoanguka, usiyatupe kwenye mboji, maana mvua ikipiga chini inaurusha ugonjwa juu tena. Pogoa matawi ya katikati upepo upite. Mimi nilipulizia dawa ya kopa, ile ya ukungu yenye shaba, kila baada ya siku kumi mpaka mvua zikakatika. Jani lenye doa haliponi, unayalinda yanayochipua.

Sinza_Kwetu
Hapo kwenye kuokota majani naunga mkono.

MamaTegeta
Mimi kila asubuhi nayapiga maji ya mpira, juu na chini ya majani, na yanapendeza.

MzeeWaKigamboni
Mama, kwa heshima, utamponza binti wa watu. Nimetoka kusema maji kwenye majani ndiyo yanayoleta ukungu!

MamaTegeta
Sijamponza mtu, kaka. Nasema yaliyonikuta mwezi wa pili, jua kali, vumbi la barabarani limejaa. Majani yalipauka, yana vitone vyeupe kama yamechomwa sindano. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji shinani, wapi! Nikapulizia dawa ya wadudu, yakazidi. Mjukuu wangu ndiye aliyekung'uta jani juu ya karatasi ya daftari, tukaona vumbi linatembea. Utitiri mwekundu. Ile dawa iliua wadudu wanaoula utitiri, wenyewe ukabaki unazaana. Maji ya mpira ndiyo yaliyouondoa, wiki mbili bila kukosa. Namwagia alfajiri, saa tatu majani yameshakauka.

MzeeWaKigamboni
Kiangazi sawa. Masika hapana.

FundiKinyerezi
Mmenigusa. Mama yangu alipanda waridi jekundu dirishani kwake kabla sijazaliwa. Alipofariki nikawa nalihudumia mimi. Likaingiwa na vidukari, vichwa vya maua vimejaa vidudu vya kijani vilivyobanana, majani yananata. Nikaazima bomba la mgongoni kwa jirani, nikaweka dawa ya vidukari, nikapulizia lote mpaka likadondosha matone. Nilifurahi siku ile.

Baada ya wiki mbili hivi machipukizi yakaanza kutoka membamba kama nyuzi, yamejikunja mafungumafungu, hayafunguki. Nikadhani ni ugonjwa mpya, nikapulizia tena kwa bomba lilelile. Nilipokwenda kulirudisha ndipo jirani akaniuliza, "Ulilisuuza? Mimi nalipulizia dawa ya magugu kwenye uwanja." Wakuu, nilikaa chini palepale. Maua yakakauka, matawi yakawa meusi kutoka nchani kushuka. Dada zangu waliponiuliza kwenye simu nikawa nawaambia ni jua. Mpaka leo sijawaambia.

Sinza_Kwetu
Pole sana ndugu yangu.

MamaTegeta
Pole mwanangu. Umeling'oa?

FundiKinyerezi
Hapana mama. Mkono umekataa.

Ukonga_Kijani
Usiling'oe. Kata vijiti vilivyokufa mpaka uone kijani ndani, uliache.

KwaAzizi
Usikate kitu kwanza! Kwangua gome kwa ukucha karibu na udongo, pakiwa pabichi liko hai. Dawa ya magugu inashuka mpaka mizizini, waridi linaweza kukaa mwaka mzima ndipo likatoa majani ya kawaida. Na bomba la magugu liwe la magugu tu, kusuuza mara moja hakutoshi.

Ukonga_Kijani
Sasa litakaaje mwaka na vijiti vikavu? Tena kwa vidukari hakukuwa na haja ya bomba. Mimi natwanga majani ya mwarobaini, naloweka usiku kucha, nachuja kwa kitambaa, natia sabuni ya kipande kidogo. Napulizia jioni. Halafu tafuteni sisimizi wanakopandia, wao ndio wanaovilinda vidukari kwa ajili ya ule utomvu mtamu vinaoutoa.

KwaAzizi
Kwangu amehamia kinyonga. Watoto wanapiga kelele, nimewakataza wasimguse. Tangu aje sijapulizia kitu.

Sinza_Kwetu
Kinyonga? Bora vidukari, wallahi.

FundiKinyerezi
Nimetoka na tochi nimekwangua. Pale chini kabisa, upana wa kidole, pabichi.

MamaTegeta
Alhamdulillah. Likichipua, kipandikizi cha kwanza uniletee Tegeta, nitakukuzia lingine la akiba.

BintiMbezi
Kaka Fundi, nimesoma yako nikaenda kunusa bomba langu. Langu la dawa ya mbu tu, lakini nimeliweka kando. Majani nimeokota ndoo moja na nusu. Hapa wingu limeshatanda tena.