Nairobi–New York: mbona tiketi inaonyesha saa saba tu?

Binti wa Kizingo (Newark):
Assalaam alaykum jamaa. Mamangu anakuja Januari, inshallah, kwa ndege ya moja kwa moja. Tiketi inasema anaondoka Nairobi saa tano na nusu usiku, anatua JFK saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hizo si saa saba? Hata London haifikiki kwa saa saba! Ana sukari, na magoti yanamsumbua. Wenye uzoefu nisaidieni.

Mzee wa Jersey City:
Wa alaykum salaam mwanangu. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji wake. Januari New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane. Saba na nane, kumi na tano. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi huku husogeza saa mbele, tofauti inakuwa saba mpaka Novemba. Kenya hatuna mchezo huo.

Umbali ni kama kilomita 11,800. Boeing 787 ikishapaa huenda karibu kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo kwa hesabu ya shuleni ungesema saa kumi na tatu. Lakini upepo wa juu kule Atlantiki huvuma kutoka magharibi: kuja unaukabili, kurudi unakusukuma, ndiyo maana kurudi ni kama saa kumi na nne. Na kuondoka usiku kunasaidia, maana Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi. Ndege iliyosheheni mafuta ya safari yote hupaa vizuri zaidi kukiwa na ubaridi.

Mwambie mama giza litamfuata njia nzima, alfajiri itamkuta New York. Asihangaike. Sisi tuliokuja kabla ya Oktoba 2018, Kenya Airways walipoanza safari hii, tulilala kwenye viti vya Amsterdam na Dubai tumekumbatia mabegi.

Muuguzi wa Baltimore:
Dada, kwa mwenye sukari huo usiku mrefu si wa kupuuza. Amwone daktari wake wa kisukari kabla ya safari, ampangie dozi, hasa kama anachoma insulini. Saa ya mkononi aiache na majira ya Nairobi mpaka atue. Insulini na barua ya daktari viwe kwenye begi la mkononi. Kwenye sanduku dawa inaweza kuganda. Kiti cha magurudumu kiombe leo, hata kama anatembea. Foleni ya uhamiaji JFK haina huruma na magoti. Na ndani ya ndege ainuke mara kwa mara, hata kama jirani amelala.

Binti wa Kizingo:
Ahsanteni sana. Na kutoka Mombasa, treni au ndege?

Mzee wa Jersey City:
Ndege, kama saa moja tu, na iwe kwenye tiketi moja na hiyo kubwa. Ikichelewa, ni juu yao kumtafutia nyingine. Akitaka treni, basi ya asubuhi. Ya mchana inaingia Syokimau, stesheni ya Nairobi, usiku, ataanza kukimbizana na muda. Na maembe asifunge, watayachukua forodhani. Achari ya dukani iliyofungwa vizuri alete, aitangaze tu, na mzee wenu mnamkumbuka.