Lubumbashi: maji ya matone, toka kiangazi mpaka mvua

Swali: Wandugu, pipa la lita 200 linalisha tiyo za matone kwenye lengalenga na nyanya. Mwezi wa saba maji yalitosha. Sasa, mwezi wa tisa, mimea ya mwisho wa mstari inanyauka. Nirekebishe nini?

Jibu: Ndugu, anzia kwenye ncha. Fungua vizibo vya mwisho, acha maji yatiririke mpaka yatoke safi: tope na ukijani hujikusanya humo. Osha chujio pia. Kisha pima kimo cha pipa toka chini. Mita 1 ya kimo hutoa msukumo wa bar 0.1 tu, kwa hiyo pipa lililo chini halisukumi hadi mwisho. Lipandishe juu ya matofali, mita 1 hadi 1.5.

Jibu: Na joto la sasa si baridi ya mwezi wa sita. Gawa maji asubuhi na jioni. Yakimwagwa yote mara moja hupita chini ya mizizi ya lengalenga. Funika udongo kwa majani makavu.

Jibu: Mvua ikishika, mwezi wa 11, usifuate kalenda. Chomeka kidole sentimita 5. Udongo ukiwa bado na unyevu, funga robine. Nyanya zilizozoea ukavu zikinywa ghafla, hupasuka. Pipa nalo lifunikwe, mbu wasizaliane.