Naomba ushauri: kiti cha kushikia nafasi ya gari baada ya theluji, Chicago

Wakuu, salaam. Naomba msaada kwa wenyeji wa Chicago, hasa mnaoegesha gari kando ya barabara.

Njia kuu zenye vibao vya marufuku ya baridi hazinisumbui: 1 Desemba hadi 1 Aprili, saa 9 usiku hadi saa 1 asubuhi huegeshi, theluji iwepo isiwepo. Ukikaidi, gari linavutwa na unalipa. Matokeo yake sote tunajazana mitaa ya ndani, na tatizo langu liko huko.

Greda likipita husukuma tuta la theluji ubavuni mwa gari, na likilala usiku kucha linakuwa barafu ngumu. Anayefukua kwa koleo anaacha viti viwili vibovu na ubao juu yake, basi nafasi ni yake. Sheria ya jiji haimpi haki hiyo, na watu wa usafi huja kuvizoa, ila majirani wanaviheshimu kuliko sheria yenyewe.

Sasa: kiti kinakubalika siku ngapi baada ya theluji kukoma? Theluji ya mtaani ikishayeyuka, nani anapaswa kukiondoa? Nikikisogeza na kuegesha, nisije nikakuta gari limemwagiwa maji likaganda milango.

La pili, chumvi ya mawe ya kuyeyusha barafu inafanya kazi kwa shida joto likishuka chini ya nyuzi -9 za Selsiasi hivi. Mnatumia kalsiamu kloridi, au mchanga tu chini ya matairi unatosha?