Naomba ushauri: nimetoka jeshini, nataka kazi ya kuwasikiliza walio ukingoni

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Mimi ni Mkenya, naishi Texas. Nimetumikia Jeshi la Marekani miaka minane, mmoja kati ya hiyo nikiwa Afghanistan. Sasa natamani kuwahudumia wanajeshi wastaafu wanaofikiria kujiua, wale wanaopiga 988, namba ya Marekani ya msaada kwa walio katika hatari ya kujiua, kisha wanabonyeza 1 ili wapate huduma ya wanajeshi wastaafu.

Mwenzangu wa kikosi alinipigia simu saa tisa usiku. Nilimuuliza waziwazi kama anataka kujiua, akajibu ndiyo. Nikamsihi bastola ampelekee jirani, akampelekea huku mimi nikiwa bado kwenye simu. Tuliongea hadi kukapambazuka. Yu hai leo, na tangu usiku ule sitamani kazi nyingine.

Shahada ya kwanza ninayo, na miezi 36 ya GI Bill, yaani msaada wa serikali ya Marekani wa kuwasomesha waliotumikia jeshi, sijaigusa. Ingenilipia uzamili wa ustawi wa jamii, halafu nifanye kazi chini ya msimamizi hadi nipate leseni. Hiyo ni miaka. Au nianze sasa kama mwanajeshi mstaafu anayewashika mkono wenzake, kazi inayohitaji cheti tu. Lakini mshahara wake ni mdogo, na mama yangu Kakamega ananitegemea.

Kinachonitisha zaidi ni kwamba bado naota vita. Natibiwa, naendelea vizuri, ila mke wangu anahofia sauti za wanaopiga simu usiku zitanirudisha nyuma. Mliowahi kuifanya kazi hii, zamu za usiku mlizimudu vipi? Na je, mwajiri mlimwambia mapema kwamba mnatibiwa?