Idadi ya tarakimu baada ya nukta kwenye vipimo vya mchoro wa AutoCAD

Swali

Habari zenu wanajukwaa. Ninachora shafti ya pampu kwa AutoCAD, programu ya kuchorea kwa kompyuta, kwa milimita, na kila kipimo kinatokea na tarakimu nne baada ya nukta: urefu wa jumla unaandikwa 180.0000, na kipenyo cha mahali pa kukaa beringi 25.0000. Nilitumia amri ya UNITS nikachagua tarakimu mbili, lakini vipimo havikubadilika, vya zamani wala vipya. Fundi wa kukereza amenirudishia nakala akiuliza kama kweli ninataka urefu ule uwe sahihi hadi sehemu ya elfu kumi ya milimita. Nirekebishe wapi, na je, vipimo vyote viwe na idadi sawa ya tarakimu?

Jibu la kwanza

Ndugu, UNITS hupanga namna programu inavyokuonyesha viwianishi na urefu unapoulizia. Maandishi ya vipimo hayaguswi nayo. Andika DIMSTYLE, chagua mtindo unaoutumia, ingia kuurekebisha, kisha kwenye sehemu ya vipimo vya msingi upunguze idadi ya desimali. Vipimo vyote vya mtindo huo vitabadilika papo hapo. Ukiandika DIMDEC (amri ya idadi ya desimali za kipimo) peke yake utabadilisha vipimo utakavyoweka baadaye tu, na vile vya awali vitabaki vilivyo.

Jibu la pili

Maelezo hayo ni sahihi, ila swali la fundi wako ndilo zito zaidi, na ninamsifu kwa kuuliza kabla ya kuwasha mashine. Kwenye michoro mingi ya Marekani inayotumia inchi, idadi ya tarakimu yenyewe ni agizo, kwa sababu jedwali la mchoro hutaja tofauti inayoruhusiwa kwa kipimo chenye tarakimu mbili na nyingine, ndogo zaidi, kwa chenye tatu. Kwa milimita desturi ni tofauti: namba kamili huandikwa bila nukta, na tofauti inayoruhusiwa hutajwa waziwazi. Ukiandika kwenye mchoro kwamba unafuata ISO 2768 (kiwango cha kimataifa cha tofauti za jumla zinazoruhusiwa) daraja la m, yaani la wastani, urefu wako wa 180 unaruhusiwa kupungua au kuzidi kwa 0.5, kwa hiyo sufuri nne pale hazina kazi yoyote.

Mahali pa beringi ni habari nyingine. Ukichagua mkazo wa k6, yaani alama inayotaja mipaka ya kipenyo cha shafti ili beringi ikae vizuri, kipenyo cha 25 kinatakiwa kiwe kati ya 25.002 na 25.015, na hapo tarakimu tatu ni za lazima. Weka basi DIMDEC kuwa 1 au 2, DIMZIN kuwa 8 ili sufuri za mwishoni zifutike, na DIMTDEC kuwa 3, kwa kuwa hiyo ndiyo inayotawala tarakimu za tofauti inayoruhusiwa.

Mwuliza swali

Ninashukuru sana. Urefu sasa unasomeka 180. Hata hivyo kipimo kimoja cha bega la shafti bado kinaonyesha 42.0000, na kingine kilichokuwa 29.9962 sasa kinasomeka 30.

Jibu la pili

Hicho cha kwanza, yaelekea mtu aliandika namba kwa mkono juu ya kipimo halisi, na namba ya namna hiyo haitii mpangilio wowote, hata mchoro ukibadilika. Kifungue, ufute maandishi hayo, uandike alama za <> ili programu irudishe kipimo chake yenyewe. Cha pili kinanitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa mstari wenyewe haukuchorwa kwa urefu wa 30, na kupunguza desimali kumelificha kosa hilo. Faili likipelekwa kwenye mashine inayoongozwa na kompyuta, mashine itafuata 29.9962 iliyochorwa, si 30 iliyoandikwa. Urekebishe mstari kwanza. Mimi hukagua michoro yangu nikiwa nimeweka DIMDEC 4, na hupunguza tarakimu siku ya kuchapa.